Kelele Zisizofaa

Tarehe 8 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa mzima, ukiacha mgongo, ambao siku hizi una maoni yake. Najua simu umeigombeza ukaifungia kabatini kwa sababu humsikii anayepiga, na mimi siwezi kupayuka katika chumba chenye majirani pande zote, kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani. Mkazamjomba hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa mpaka kazini, na wenzangu wameshaanza kuuliza inauzwa wapi.

Kazini ni yale yale. Mashuka ya hospitali hayaishi. Ukimaliza kukunja ya wodi ya wazazi, ya upasuaji yanaingia kwenye matoroli, na hayo ndiyo ya kuombea. Mkuu wetu wa chumba cha kufulia amestaafu na hawajaleta mwingine, hivyo sote tumekuwa wakuu na hakuna anayelipwa kama mkuu.

Sasa cheka kidogo. Mpwa wako amekuwa bango. Serikali ya huku imeanzisha mpango wa kupambana na ubaguzi wa rangi kwa njia ya michezo, unaitwa Uwanja ni wa Wote, na vilabu vinavyopokea watu wa kila asili vinapewa ruzuku. Walitaka picha ya refa mweusi. Katika chama chetu cha wilaya kumtafuta hakukuwachosha, maana niko peke yangu. Mpiga picha akaniambia nitabasamu zaidi. Nikamwambia refa hatabasamu. Akasema huyu atatabasamu. Basi niko kwenye uzio wa kila uwanja, filimbi mkononi, meno yote nje, kama ninayetangaza dawa ya mswaki.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na maneno kidogo uwanjani, lakini si kitu. Nisalimie Mama, na hilo la mwisho usimwambie.

Mpwa wako


Tarehe 3 Machi

Bi Filimbi, marahaba, na nyingine ya akiba.

Sisi tupo. Sikio la kushoto limefunga ofisi kabisa, la kulia linafungua asubuhi tu, na mkazamjombako ameligundua hilo, kwa hiyo mambo ya kuniomba ananiambia asubuhi na ya kunilaumu anayaacha jioni. Ndoa imepata amani ambayo haikuwahi kuwa nayo.

Mama yako presha imetulia. Picha yako aliipata kwenye simu, akaipeleka kwa watu wa fotokopi wakaikuza, na sasa iko sebuleni juu ya televisheni. Anayekuja kutazama taarifa ya habari lazima akutazame wewe kwanza. Nami ninayo kibandani, juu ya cherehani. Juzi mteja aliyeleta suruali kupunguzwa kiuno alisimuliwa habari zako mpaka akasahau kunionyesha kipimo, nami nikaipunguza mno. Amekasirika, lakini ameondoka akijua una beji ya daraja la pili.

Sasa, hayo maneno kidogo. Nani aliyekufundisha filimbi? Nilikuambia tangu ukiwa na viatu vya kuazima kwamba refa haandiki maneno kidogo. Anaandika nani kasema, kasema nini, dakika ya ngapi. Usinifanye mtoto. Niambie yalikuwa nini na kama ripoti umeandika. Mama yako hajui kitu, na kwa mdomo wangu hatajua.

Mjomba wako


Tarehe 30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa suruali. Mimi nimekuwa na mafua yasiyo na adabu, yanaondoka na kurudi bila kubisha hodi, lakini kazini nakwenda. Wametuletea mashine mpya ya kupigia pasi mashuka, ina roli kubwa mbili, na inafanya kazi vizuri siku mafundi wanapokuja kuitazama.

Umeuliza, nakujibu. Ilikuwa mechi ya wanaume, daraja la chini, klabu moja yenye uwanja mzuri na bafu lenye maji ya moto. Kipindi cha pili nikawapa wageni penalti. Ilikuwa penalti, Mjomba, beki alimshika mtu jezi mpaka mshono ukafumuka, ungekuwepo ungeomba kuishona. Nikiwa naweka mpira ndipo jukwaa lote la nyuma ya goli likaanza sauti za nyani. Si mmoja wala wawili. Watu wazima, wengine na wake zao. Na wengi walikuwa wamevaa fulana za Uwanja ni wa Wote, walizogawiwa bure mlangoni, na nyuma yao kwenye uzio nilikuwepo mimi, natabasamu.

Wizara ilitupa kijitabu. Mchezaji akitukanwa kwa rangi yake, refa asimamishe mchezo, atangaze, ikiendelea awatoe uwanjani. Kimeandikwa vizuri, kina michoro. Nimekisoma mpaka jina la kiwanda kilichokichapa, na hakuna mahali wanaposema refa afanye nini akitukanwa yeye mwenyewe. Nadhani hawakufikiria. Nilisimama pale nikiwa na kijitabu mfukoni, wachezaji wananitazama mimi, nami nawatazama wao. Nikapuliza, penalti ikapigwa, nikamaliza mechi. Nahodha wao akanipa mkono, akasema nisiwajali, wanatania tu.

Ripoti niliandika jioni ile ile kama ulivyonifundisha. Imerudi. Mratibu wa mpango alikuja mwenyewe mpaka kantini ya hospitali, akaninunulia chai, akaniomba nibadili sehemu moja. Badala ya sauti za nyani niandike kelele zisizofaa. Akanieleza kwa nini. Klabu hiyo kwa ruzuku ya serikali imeanzisha timu ya wasichana, watoto wa watu waliohamia huku, watu kama sisi. Wanapewa uwanja, jezi na gari la kuwarudisha nyumbani. Ikithibitika kuna ubaguzi, ruzuku inasimamishwa, ndiyo masharti. Zikiwa ni kelele tu, klabu inatozwa faini na mambo yanaendelea. Mratibu si mtu mbaya. Aliongea huku machozi yakimlengalenga. Simchukii, na hilo linanichosha kuliko kama ningemchukia.

Kamati ya nidhamu ya chama inakaa katikati ya Mei. Nifanye nini? Na nikuulize na jingine. Wewe filimbi uliiachaje? Miaka yote umesema magoti. Lakini magoti hayo hayo yalikuwa yanakimbia nami barabarani kila alfajiri mpaka wiki niliyosafiri.

Mpwa wako


Tarehe 11 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Nimechelewa. Posta wana lao, nami nina langu. Kulikuwa na jezi za shule za kushona, kisha uzi mweupe ukaadimika mji mzima, kisha mkazamjombako akaumwa jino na nyumba nzima ikaumwa pamoja naye. Ameng'oa, sasa anatafuna upande mmoja na kusema pande zote mbili.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Badili maneno. Kelele zisizofaa si uongo, mpwa wangu, kwani zilifaa? Andika hivyo na uendelee na maisha. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Una kazi, una beji, una wasichana hao ambao watabaki na uwanja wao, na una mama mwenye presha anayesalimiana na picha yako kila asubuhi. Watu wa jukwaani hawatabadilishwa na sentensi yako. Funika kombe mwanaharamu apite.

Tena ukitoka uwanjani usitoke peke yako. Toka na wachezaji, au ngoja mpaka watu waishe. Na usipite mlango wa nyuma, hata kama ndio wa karibu.

Kuhusu magoti, magoti ni magoti.

Mjomba wako


Tarehe 14 Mei

Mjomba, shikamoo.

Jibu lako halijafika na kamati inakaa kesho kutwa, kwa hiyo nimeamua bila wewe. Usikasirike. Nimeirudisha ripoti kama ilivyokuwa. Nilijaribu kuandika yale mengine. Niliketi na kalamu, nikaandika kelele, nikabaki natazama, mkono ukakataa. Niliyoyasikia ndiyo niliyoyaandika. Nikibadili leo, Jumamosi nitasimamaje kumwonyesha mtu kadi kwa kitu nilichokiona?

Mafua yamepona. Nina usingizi ambao haushibi.

Mpwa wako


Tarehe 19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ya kubusu mkono ilifika wakati mkono umeshang'atwa. Nitakuambia yote, kisha nina neno na wewe.

Klabu imetozwa faini na itacheza mechi moja bila mashabiki. Nahodha ameandika kuomba radhi, barua fupi, nadhani ya kweli. Ruzuku imesimamishwa mpaka tathmini ikamilike, na tathmini haina tarehe. Siku ile ile klabu ikawafungia wasichana geti. Hawakuwatukana, hawakuwafukuza kwa maneno. Walisema tu kwamba bila ruzuku hakuna wa kulipia taa.

Chama kimenishukuru kwa ujasiri wangu. Wakaniomba niende kuwapa watu wa klabu hiyo semina kuhusu mseto wa tamaduni, Jumapili, ambayo ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Yaani walionililia kama nyani niende nikawafafanulie kwamba mimi si nyani, nikiwa na kalamu ya ubao na chupa ya maji. Nimewajibu kwamba nina mashuka.

Lakini hayo nayabeba. Lililonivunja ni hili. Mama wa kipa wa wale wasichana anadeki wodi za ghorofa ya juu. Tunafanana rangi, tunafanana safari, tangu nifike hapa tumekuwa tukisalimiana kila siku kwenye lifti. Baada ya geti kufungwa akaacha kunisalimia. Nikadhani hajaniona. Kisha siku moja akasimama na ndoo yake akaniambia, polepole kabisa, "Walikutukana wewe. Wewe ukampokonya mwanangu." Naikunja ile sentensi pamoja na mashuka, na kesho yake naikuta imerudi.

Beji nimeitia kwenye bahasha ya chama. Anwani nimeandika. Bado sijaituma, lakini nimechoka, Mjomba. Sina hasira hata. Nimechoka mpaka filimbi naiona nzito.

Sasa neno langu na wewe. Nilimpigia Mama, nikamweleza yote, maana siri nayo ina uzito wake. Hakuanguka. Presha haikupanda. Alisema, "Kama sikio la mjomba wako." Nikamuuliza sikio limefanya nini. Akasema kumbe hukuambiwa, muulize mwenyewe. Basi nakuuliza. Miaka yote tumekutania kwa uziwi wako, na wewe ukicheka nasi. Ulikuwa unacheka nini?

Mpwa wako


Tarehe 8 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Safari hii sitaanza na mkazamjombako, ingawa hajambo.

Dada yangu hajawahi kutunza siri, na safari hii namshukuru. Ilikuwa mechi ya kawaida, hapa hapa. Timu moja ilikuwa ya wale waliokimbia vita upande wa pili wa mpaka, waliokuwa wamejengewa mahema karibu na machinjio. Unawakumbuka, ulikuwa mdogo. Watu wetu, majirani zangu, wateja wangu, waliwaita majina ambayo sitayaandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu wa posta. Nami niliyaandika kwenye ripoti, moja baada ya jingine, na dakika zake. Wiki iliyofuata nilikuwa na mechi nyingine, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu ndio wa karibu. Walikuwa wananingoja. Walinipiga sikio la kushoto kwa mti wa kibendera cha kona. Sikuona nani, lakini viatu vyao niliviona, na kimoja nilikuwa nimekitengeneza zipu mwezi ule.

Hakuna aliyeshtakiwa. Serikali ilituma watu, wakatugawia mipira. Mipira mizuri, ya ngozi. Nilisema magoti kwa sababu magoti hayaulizwi maswali. Na nilicheka nanyi kwa sababu mlikuwa mnacheka, na nyumba yenye watoto wanaocheka, mtu haiharibu.

Kwa hiyo nilipokuambia ubadili maneno, si kwamba sijui lililo sawa. Ripoti ile siijutii. Sikio ndilo ninalolijutia. Nilitaka angalau mmoja kati yetu abaki na masikio yote mawili. Ni hofu tu, mpwa wangu, hofu ya mzee, nikaivisha methali ili ionekane ni hekima.

Yule mama wa ndoo usimjibu. Hana kosa na huna kosa, na wawili wasio na kosa wakianza kujibizana hawamalizi. Aliyefunga geti ndiye aliyefunga geti.

Na beji, kama umechoka, itume. Mimi niliyekutia filimbi mdomoni nakuruhusu uitoe. Hutakuwa umeshindwa wala hutakuwa umetuaibisha. Mama yako ataiacha picha palepale, nimemuuliza. Lala Jumapili zako.

Mjomba wako


Tarehe 25 Agosti

Mjomba, shikamoo, na shikamoo ya sikio pia.

Nimechelewa kujibu. Barua yako nimeisoma kazini, nyuma ya mashine ya pasi, mwenzangu akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni mjomba wangu ameniambia ukweli. Akasema basi inakaribiana.

Beji niliituma. Siku ile ile, kabla sijabadili nia. Chama wamenijibu kwamba wamesikitika na kwamba mlango uko wazi. Mabango yameanza kubadilishwa, sasa kuna kijana wa mpira wa kikapu, na yeye wamemtabasamisha. Tathmini bado haijakamilika. Wanasema ni ya kina. Nimelala Jumapili zote za Julai, na nikiamka bado nimechoka, lakini ni uchovu wangu mwenyewe, sigawani na mtu.

Jumapili iliyopita sikulala. Mama wa kipa alinisimamisha kwenye lifti. Hakuomba radhi, na mimi sikutaka aombe. Alisema wasichana wamepata kiwanja cha changarawe nyuma ya kiwanda cha mikate, mwenye kiwanda hana habari nao, na wameita timu ya mtaa wa pili, ila hawana refa, na bila refa wanapigana. Akatazama vifungo vya lifti muda wote. Nikamwambia mimi si refa tena. Akasema anajua, ndiyo maana ananiomba mimi.

Nikaenda na viatu vya kazini. Hakukuwa na mabango, fulana wala kijitabu. Magoli ni mifuko ya shule. Mstari wa pembeni ni akina mama wenyewe, na mstari huo unasogea kila mtu anapokasirika. Changarawe imewachubua magoti wote, na hakuna aliyetoka. Kipa ni mfupi mno kwa kazi ile na haogopi kitu.

Karibu na mwisho, wakiwa wamefungana bao moja moja, timu ya mtaa wa pili wakafunga. Nikaonyesha kati. Mjomba, mama wa kipa aliingia uwanjani. Aliniambia nina macho ya mapambo. Aliniambia mfungaji alikuwa ameotea hatua kadhaa, kwamba hata mumewe, asiyejua mpira ni duara, angeona, kwamba kama hivi ndivyo nilivyokuwa nachezesha huko kwa wakubwa, basi walinivumilia sana. Akina mama wengine wakamuunga mkono, wengine wakamrudisha nje, na mstari wa pembeni ukapotea kabisa. Nikamwonyesha atoke. Akatoka akiendelea.

Na alikuwa ameotea. Nilichelewa kugeuka, miguu imesahau. Ni kosa langu, la wazi, na bao nimelikubali, nao wamefungwa kwa sababu yangu. Nilirudi katikati nikiwa nimeinamisha uso ili wasinione, maana machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa na huzuni hata chembe. Tangu nifike mji huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza nimetukanwa kama refa.

Mpwa wako